Maboksi Saba ya Mvua

Simu ya mjukuu wangu imekataa kupokea programu mpya. Imemwandikia kwenye kioo, kwa adabu zote, kwamba simu za aina ile hazihudumiwi tena. Mjukuu alisonya, akalalamika kwamba simu haina hata mkwaruzo, kisha akanigeukia mimi, bibi yake niliyefanya kazi ya kompyuta kabla mama yake hajazaliwa. Akaniuliza ni mtu gani huko aliko anayekaa kitako na kuamua jambo kama hilo. Nikamwambia sijui.

Nilimdanganya. Mtu huyo namjua vizuri. Anakaa kwenye meza safi, ana haraka ya kwenda kula, na mbele yake kuna orodha ya waliobaki. Anaona ni wachache, anaandika ukurasa mmoja, anatia sahihi. Ukurasa wangu mimi niliuandika Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya sabini. Katika vituo vichache vilivyobaki, kimoja kilikuwa cha Bagamoyo, na aliyekiendesha alikuwa shangazi yangu. Hata marehemu mume wangu nilimsimulia nusu tu.

Shangazi alikuwa mdogo wake baba. Aliachwa na mumewe kabla hajapata mtoto, akarudi kwetu, akapewa chumba cha uani. Nyumba yetu ilikuwa ya kushika dini, ya mji wa zamani, na mwanamke aliyeachwa hakuwa na shughuli ya nje. Alitoka kwenda msibani, arusini na kwa mgonjwa, tena akifuatana na mtu. Saa zilizobaki alishona kofia za viua. Vidole vyake vilikuwa vyepesi ajabu, na kofia zake zilitafutwa hadi Pangani. Kwa mambo mengine yote alikuwa mtu wa mwisho kuulizwa. Hata mchuzi utiwe tui kiasi gani hakuulizwa.

Vidole hivyo ndivyo vilivyomtoa nje. Miaka michache baada ya Uhuru, ofisi ya maji ya pale mjini ililetewa mashine ya kutobolea kadi. Vijana wawili waliofundishwa kuitumia walihama mmoja baada ya mwingine, maana kila aliyejua kazi alikimbilia Dar es Salaam. Bwana maji, aliyekuwa mtu wa baraza moja na baba, akaja kumwomba. Alisema ni kazi ya kukaa chumbani peke yako, na mashine haiangalii anayeibonyeza ni nani. Baba alitaka siku tatu za kufikiri. Siku ya nne akatoa sharti lake mbele yetu sote.

"Unatoka kwa ajili ya mashine. Siku mashine ikisimama, na wewe umerudi ndani. Tusije tukasumbuana."

"Nimekubali, kaka," shangazi akajibu, akaenda kupiga pasi buibui lake.

Kazi yenyewe niieleze, maana siku hizi imekuwa kama hadithi. Huko vijijini kulikuwa na watu waliopewa kopo la kupimia mvua: mwalimu mmoja Kiwangwa, mganga wa zahanati kule Mkange, mkulima mmoja Makurunge, na wengine. Kila asubuhi walipima maji yaliyoingia, wakaandika kwenye daftari. Mwisho wa mwezi madaftari yalifika Bagamoyo kwa baiskeli au kwa basi, na shangazi akayageuza kuwa matundu. Kadi zilikuwa ndogo, za karatasi ngumu, na kila tarakimu ilikuwa tundu la duara mahali pake. Alizipanga ndani ya boksi zikapelekwa makao makuu Dar es Salaam, na huko mashine kubwa zilizisoma na kutoa majedwali ya mvua ya nchi nzima. Wahandisi wakayatumia kujua daraja liinuliwe kiasi gani na kisima kichimbwe wapi. Bagamoyo hakukurudi kitu. Wao walituma tu.

Alikuwa na namna yake ya kufunga boksi. Kamba ya katani ya ofisi aliikataa. Alisema inalegea njiani, kadi zinacheza na pembe zinakunjika. Akasuka ukili wake mwenyewe wa mkindu, jioni, huku akizungumza na mama, akalifunga boksi mara mbili kwa urefu na mara mbili kwa upana. Akamalizia na fundo gumu la ncha zilizofichwa, ambalo mtu mwenye haraka hawezi kulifungua. Nilipokuja kuajiriwa makao makuu nililikuta fundo hilo lina sifa yake. Watu walikuwa wakilitukana kila mwezi.

Mimi ndiye niliyefundishwa na yeye. Likizo za shule nilimsindikiza kazini, baba akiona ni vizuri asiende peke yake, na yeye akanikalisha pembeni ya mashine. Alinionyesha jinsi ya kuiinua kadi kwenye mwanga wa dirisha na kuisoma kama anavyosoma mtu barua.

"Tazama, mwanangu. Hapa Mkange imenyesha. Hapa kumekauka. Na hapa huyu mganga kalala, hakupima, kaandika sawasawa na jana."

"Umejuaje, shangazi?"

"Kiwangwa na Makurunge kote imenyesha siku hiyo, yeye peke yake kwake kukavu? Mvua imemruka yeye ana nini?"

Akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya mtandio. Nyumbani sikuwahi kumwona akicheka hivyo. Watu wa Kiwangwa walipoleta daftari walileta na nanasi, wakasimama nje ya dirisha lake wakimuuliza habari za mvua kwa Kikwere, naye akawajibu kwa Kikwere chake cha kuungaunga. Mwaka jana wakati kama huu ilikuwaje? Tupande sasa au tungoje? Alikuwa nayo yote kichwani, miaka mingi ya mvua, mwezi kwa mwezi. Mzee mzima alitoka Mkange na daftari la mganga, akavua kofia, akasubiri shangazi yangu afikiri.

Nilipomaliza kidato cha nne ni yeye aliyenipigania. Barua ya kunipeleka makao makuu iliandikwa na bwana maji, lakini aliyemganda bwana maji hadi akaiandika ni shangazi. Nikaingia chumba cha kutobolea kadi Dar es Salaam, na kwa kuwa nilikuwa tayari najua kazi, haukupita muda nikachaguliwa kwenda Uingereza kusomea programu. Nilikaa huko mwaka mmoja. Nikarudi na viatu vya kisigino, miwani, na Kiingereza cha puani.

Siku nilipofika nyumbani shangazi aliniuliza jambo moja tu la Ulaya: mvua yao ikoje? Nikamwambia inanyesha kutwa, vitone vidogovidogo, hata mtu halowani sawasawa.

"Hiyo si mvua," akasema. "Hilo jasho."

Makao makuu walikuwa wamepata kompyuta. Ilikaa kwenye chumba chenye baridi, ikisoma kadi za namna mpya, kubwa, zenye matundu marefu membamba. Kadi ndogo za duara haikuzijua. Ila vituo vingi vilikuwa bado na mashine za zamani, kwa hiyo ilinunuliwa na kifaa cha pembeni cha kusomea kadi ndogo, na kukaandikwa kipande cha programu cha kuitafsiria ile kompyuta. Kipande hicho nilikabidhiwa mimi.

Nilikichukia, niseme kweli. Kila tulipobadilisha kitu kidogo katika programu kubwa, kile kipande kilivunjika nami nikabaki nakishona hadi jioni, wenzangu wameshakwenda zao. Kifaa chenyewe kilikuwa kinatafuna kadi. Kisha kampuni iliyokitengeneza ikatuandikia kwamba vipuri vyake haitavitoa tena, na mafundi wake hawatakishughulikia. Kwao habari ilikuwa imekwisha. Sisi tungeweza kuendelea mwaka mmoja au miwili na vipuri vilivyokuwa stoo. Mkuu wangu wa kazi akaniita akaniuliza maoni yangu, niyaandike.

Niliandika kwa furaha. Nilisema vituo vyote vikubwa vimeshahamia kadi mpya. Vilivyobaki ni vitatu, navyo, nanukuu mkono wangu mwenyewe, ni "vituo vidogo visivyo na uzito katika hesabu za nchi." Nikapendekeza kipande kile cha programu kiondolewe mara moja.

Mwenzangu wa meza ya pili, mtu wa Bukoba, mpole, alisoma ukurasa ule akaniuliza kwa nini tusiache mpaka masika ya mwaka ujao yapite.

"Tukimsubiri kila mtu," nikamwambia, "hatutaondoka hapa."

Nilijisikia mtu wa kisasa sana niliposema vile.

Mkuu akaupenda ukurasa wangu. Akaniambia vituo viwili ataviandikia barua. "Bagamoyo si kwenu? Waambie mwenyewe ukienda, utakuwa umeniokolea karatasi." Kisha, nikiwa nimeshasimama, akauliza swali ambalo nalisikia hadi leo. Kulikuwa na nafasi mbili za watoboaji kadi wa vituo vile vitatu kuja kufundishwa mashine mpya, na kila atakayefundishwa angerudi kwao na mashine yake. Je, yule wa Bagamoyo anafaa?

Ningesema anafaa, ingekwisha palepale. Mashine ingebadilika, si kusimama, na sharti la baba lisingepata pa kushika. Nililijua hilo nikiwa nimesimama mbele ya meza ile, sikulijua baadaye. Lakini nilimwona shangazi kwa macho ya mkuu wangu: buibui, kandambili, tambuu mdomoni, hina kwenye vidole, akiingia katika kile chumba cha baridi chenye wasichana wa sketi fupi, kisha wasichana wale wanaambiwa huyu ndiye shangazi yake yule aliyesoma Uingereza. Nikaona haya kwa ajili yake, yeye ambaye hakuwa na la kuonea haya.

"Ni mama mtu mzima tu," nikajibu. "Kiingereza hajui."

Alikuwa na umri wa miaka arubaini na kidogo. Na Kiingereza cha ile mashine mpya kilikuwa maneno machache yaliyochorwa kwenye vibonyezo, ambayo mimi ningemfundisha asubuhi moja.

Kipande kile nilikitoa kwenye programu kwa mkono wangu. Kompyuta ikaenda mbio zaidi, nami nikapandishwa cheo.

Nilikwenda Bagamoyo mara tatu kumwambia. Sisi watu wa pwani habari mbaya hatuitupi mlangoni. Mtu hufika, huulizwa hali, hula, huzungumza ya huku na huku, na habari hungojewa ipate nafasi yake. Ni desturi nzuri, na mimi niliitumia kama mtu anavyojificha nyuma ya pazia. Mara ya kwanza alikuwa amenipikia wali wa nazi na samaki wa kupaka, nikasema nisimharibie chakula, nitamwambia asubuhi. Asubuhi alishatoka kwenda kazini. Mara ya pili baba alikuwa amekaa nasi kutwa. Kulitaja neno lile mbele ya baba ilikuwa sawa na kumfungia shangazi mlango kwa mkono wangu, kwa hiyo nikanyamaza na nikajiona nina huruma.

Mara ya tatu tulikuwa wawili tu uani, anasuka ukili. Nikapiga moyo konde.

"Shangazi, nina neno."

Akanitazama usoni, akacheka. "La heri au la shari? La shari liache kwanza nimalize mkunjo huu."

"La heri," nikasema. "Nimepandishwa cheo."

Akautupa ukili chini. Alipiga vigelegele mpaka majirani wakachungulia, akanikumbatia, akanisomea dua, akaenda jikoni akiita watu waje wasikie. Akawaambia wote kwamba mtoto wake ndiye sasa mkubwa wa mashine inayosoma kadi zake. Nilikunywa sharubati ya kunipongeza. Niliimaliza glasi nzima.

Baada ya hapo sikujaribu tena. Nilijipa moyo kwamba bwana maji mpya, maana yule wa kwanza alihamishwa, atasikia tu kwa njia zake. Hakusikia. Kila mwezi boksi la Bagamoyo liliteremshwa kwenye basi, likaletwa ofisini limefungwa ukili, na mimi nikalitilia sahihi kwamba limepokelewa. Nikalipeleka mwenyewe kwenye stoo ndogo iliyokuwa chini ya ngazi, nikafunga mlango. La kwanza lilinikosesha raha siku mbili. La nne nililisukuma kwa mguu kwa kuwa mikono yangu ilikuwa na mafaili.

Kule kwetu, wakati huohuo, mwalimu wa Kiwangwa alikuwa anaamka alfajiri kupima kopo lake, mganga wa Mkange anatuma daftari kwa mtu wa baiskeli, na shangazi anatoka nyumbani kila asubuhi na buibui lililopigwa pasi, anatoboa mvua ambayo hakuna aliyeisoma. Nilijua. Kila mara iliponyesha Dar es Salaam, nikiwa dirishani na kikombe changu cha chai, nilijua.

Masika ya mwaka uliofuata yalikuja na ghadhabu. Barabara ya Bagamoyo ilikatika, basi likawa halipiti, na boksi la mwezi ule likakwama. Shangazi hakulala kwa wasiwasi, hivi ndivyo mama alivyonieleza baadaye. Mkange ilikuwa imenyesha kuliko mwaka wowote aliowahi kuutoboa, na kwa akili yake mvua hiyo isipofika kwa wakati, wahandisi wataweka daraja chini mno na watu watachukuliwa na maji. Alimwendea baba akamwomba ruhusa alipeleke mwenyewe. Baba, hata yeye, aliona jambo lina uzito. Akampa ruhusa. Maisha yake yote shangazi hakuwa amesafiri peke yake. Alipanda lori la chumvi, akavuka sehemu mbaya kwa miguu akiwa na boksi kichwani, na asubuhi moja akafika mlangoni mwa ofisi yetu, pindo la buibui limeloa matope mpaka magotini.

Nilikuwa nimesimama pale ukumbini na mwenzangu wa Bukoba na wasichana wawili wa chumba cha kadi. Nilimwona kabla hajaniona. Kisha akaniona, uso wake ukafunguka wote, akaanza kuachia mkono mmoja kwenye boksi ili anipokee.

Sikumwamkia. Nilibaki na kalamu yangu mkononi.

"Nani huyu?" msichana mmoja akaniuliza.

"Mama wa kituo cha Bagamoyo," nikasema. "Ameleta kadi."

Neno kwa neno lilikuwa kweli, na sijapata kusema uongo mkubwa kuliko huo. Shangazi alinisikia. Mkono uliokuwa umeanza kunyooka ukarudi kwenye boksi, ukalishika vizuri.

"Ndiyo," akasema, polepole. "Mimi mama wa kituo cha Bagamoyo. Nimeleta kadi za mwezi huu. Samahani zimechelewa, njia mbovu." Kisha, kwa kuwa alikuwa ametoka mbali na hakujua kama atakuja tena, aliomba jambo ambalo kumbe alilitamani miaka yote. "Kama si taabu, ningependa kuiona mashine inavyozisoma."

Mwenzangu alimpokea boksi. Alilitazama, akafungua mfuniko kidogo pembeni, akaona kadi za duara. Mtu yule hakuwa na ubaya hata chembe.

"Pole sana, mama. Hizi hatuzisomi tena. Tuliziacha tangu mwaka jana. Hawakukwambieni?"

"Za wapi mliziacha?"

"Za kila mahali. Kadi hizi ndogo zote."

"Na za kwangu nilizokuwa naleta?"

Mwenzangu hakujua. Akanigeukia mimi, na mimi nikajitia natafuta kitu kwenye faili. Msichana mmoja akasema kuna maboksi fulani chini ya ngazi, labda ndiyo hayo, akaenda akafungua mlango wa stoo. Yalikuwa sita. Shangazi alisogea akainama mlangoni. Hakuingia ndani. Alinyoosha mkono akagusa fundo la lile la juu, akalifuata kwa kidole mpaka ncha zilikofichwa, akaja kwenye la pili, na la tatu. Mafundo yote yalikuwa kama alivyoyafunga yeye. Akachukua lile la saba kutoka mikononi mwa mwenzangu, akaliweka juu ya mengine, akalisawazisha lisije likaanguka.

"Mkange imenyesha sana safari hii," akasema, bila kumwambia mtu.

Kisha akauliza nani aliyekata shauri kwamba zisisomwe. Aliuliza kwa upole tu, kama mtu anayetaka kujua njia. Mwenzangu, akitaka kumwonyesha mama yule kwamba mambo yalifanywa kwa elimu wala si kwa dharau, akaniashiria mimi kwa mkono mzima.

"Huyu hapa, mama. Mtaalamu wetu. Ameisomea kazi hii Uingereza."

Hapo angeweza kusema. Angesema maneno matatu tu, huyu mwanangu mimi, na wasichana wale wangenitazama mpaka leo. Nilimwona akiyafikiria. Lakini mimi nilikuwa nimeshasema yeye ni nani, na yeye hakuwa mtu wa kunivua nguo mbele ya watu. Alinistiri. Nilimwachia matope na njia mbovu na miezi saba ya bure, na bado alinistiri.

"Kwa hiyo hata mashine ya kule," akaniuliza mimi moja kwa moja, "imesimama?"

"Imesimama," nikasema.

"Basi kesho nisitoke."

Wenzangu hawakuielewa kauli ile. Walidhani anasema habari ya ofisi. Mimi niliielewa, na ndani ya kichwa changu nilikuwa namkimbilia mkuu, namwambia nafasi ile, nafasi ile bado ipo? Nilijua haipo. Wawili walishafundishwa, mmoja wa Tanga na mmoja wa Lindi, na mashine zilishapelekwa.

Shangazi akavuta buibui akajifunika vizuri. Akawaaga wasichana, akamshukuru mwenzangu kwa kumpokea mzigo. Kisha akaja mbele yangu, mwanamke aliyenishika mkono kwenda chuoni kusoma Kurani, aliyenitia kazi mkononi, dada wa baba yangu. Akainamisha kichwa kidogo kama wanavyofanya watu kwa wakubwa wao.

"Shikamoo, bimkubwa."

Watu walikuwa wananitazama. Mdomo wangu ulifunguka wenyewe.

"Marahaba," nikasema.

Akatoka. Kwa baba alisema tu kwamba mashine imesimama, hakusema zaidi, na kesho yake alikaa uani akashika kofia. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, katika chumba kilekile. Watu wa Kiwangwa walikuja dirishani pale ofisini mara mbili tatu na nanasi zao, wakaambiwa hayupo, wakaacha kuja. Hakuwahi kulitaja jambo lile, wala kunipunguzia mapenzi, na alinipikia kila nilipokwenda. Lakini tangu siku ile nilikuwa nikifika Bagamoyo, nikiwa bado nje barazani, kabla sijavua viatu, kabla hajaniona, naipaza shikamoo yangu mpaka wapita njia wanageuka, kwa kuogopa asije akanitangulia.